Msafiri na Majira: Habari ya Chakula cha Kijapani

Wahenga walinena kuwa msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Maana ya neno hili si kwamba fedha humtoka kila asafiriye, bali kwamba atokaye kwake huacha nyuma vitu visivyonunulika: moto aliouzoea, mkono wa ampikiaye, na saa ya kula isiyohitaji kuulizwa. Kwa hiyo kila taifa lenye njia za kupitwa na wageni limelazimika kulijibu swali moja, nalo ni hili: umaskini huo utibiwe kwa kitu gani? Jibu la kwanza, lililo jepesi kufikirika, ni kumpa mgeni mfano wa kwao. Jibu la pili ni gumu zaidi. Ni kumpa mahali alipo na siku aliyoifikia, ili kwa usiku mmoja awe mwenyeji wa mahali hapo. Wajapani walilitafuta jibu la pili kwa muda wa karne nyingi, na walipolipata hawakuliacha njiani. Walirudi nalo nyumbani likawa adabu ya upishi wao wote, yaani kula kila kitu katika majira yake. Historia ya adabu hiyo si habari ya ladha tupu. Ndani yake mna amri za watawala, jasho la wanavijiji, na kalenda iliyogeuzwa kwa usiku mmoja.

Mwanzo mmoja wa habari hii haukutokea Japani kwenyewe, bali chomboni, katika bandari ya China iliyo karibu na mji uitwao leo Ningbo. Mwaka 1223 mtawa kijana wa dini ya Buddha, aliyeitwa Dogen, alifika huko kutafuta elimu. Alipokuwa angali melini, alipanda mzee mmoja wa miaka 61 kununua uyoga wa Kijapani. Mzee huyo alikuwa mpishi wa watawa wa mlima Ayuwang, na alikuwa amekwenda kwa miguu mwendo wa karibu kilometa 20, kwa kuwa sikukuu ya siku ya tano ya mwezi wa tano ilikuwa imekaribia, naye hakuwa na kitu chema cha kuwapa wenzake siku hiyo. Dogen alimsihi alale, waongee mambo ya dini. Mzee alikataa: asiporudi, chakula cha kesho kitaharibika. Kijana akamwuliza kwa nini mtu wa umri wake ajitaabishe na vyungu badala ya kukaa na kutafakari. Mzee akacheka, akamwambia kuwa mgeni huyu bado hajaelewa dini ni nini.

Dogen hakulisahau jambo hilo. Aliporejea kwao aliandika, mwaka 1237, kitabu kidogo cha maagizo kwa mpishi wa watawa. Humo alifundisha kuwa mpishi asiyadharau majani mabaya wala asifurahie kupita kiasi apatapo maziwa na vitu vya anasa. Mkono upikao vyote viwili uwe mmoja. Chakula cha watawa kilikuwa cha mboga tu, na mboga humfunga mpishi kwa majira kuliko nyama. Nyama ya kukaushwa hukaa, lakini chipukizi la mwanzi halingoji. Hivyo uchache wa vitu uliwafunza watawa kuiangalia siku yenyewe na kuuliza imeleta nini.

Fundisho la pili lilitoka katika chumba cha chai. Sen no Rikyu, aliyezaliwa mwaka 1522 katika mji wa biashara wa Sakai, aliukuta unywaji wa chai ukiwa mahali pa matajiri kuonyeshana vyombo vya thamani kutoka China. Yeye aliupunguza. Chumba kikawa kidogo, mlango ukawa mfupi hata bwana mwenye upanga alazimike kuinama, na chakula kilichotangulia chai kikawa supu moja na vyakula vitatu. Baadaye chakula hicho kiliitwa kaiseki, kwa maandishi yenye maana ya jiwe la kifuani, kwa kuwa ilisimuliwa kwamba watawa walitia jiwe la moto ndani ya nguo zao ili kuituliza njaa. Katika mafunzo yanayonasibishwa na Rikyu limo agizo kwamba wakati wa joto mgeni apewe hisia ya ubaridi, na wakati wa baridi apewe hisia ya joto. Mpaka leo wafuasi wa chai hufungua jiko la sakafuni mwezi wa Novemba, na mwezi wa Mei hulifunga na kutumia jiko dogo la juu lililowekwa mbali na mgeni. Rikyu mwenyewe hakufa kitandani. Mwaka 1591 bwana wake, Toyotomi Hideyoshi, ambaye alikuwa na chumba cha chai kilichopakwa dhahabu, alimwamuru ajiue. Wanahistoria hawajaafikiana juu ya sababu, lakini hapana shaka kwamba watu hao wawili walikuwa na fikira mbili tofauti juu ya ukarimu.

Kutokana na desturi hizi lugha ya Kijapani ilipata maneno matatu ya kupimia umri wa kila chakula. La kwanza ni hashiri, yaani kitangulizi, kitu kilichotoka kabla ya vingine vyote. La pili ni shun, wakati kitu kinapokuwa tele na utamu wake umetimia. La tatu ni nagori, neno litumikalo pia kwa huzuni ya kuagana. Husemwa kwamba asili yake ni maji na vitu vilivyobaki pwani mawimbi yakisharudi nyuma. Samaki mmoja, basi, huliwa mara tatu kwa mioyo mitatu: kwa hamu, kwa shibe, na kwa kuaga. Kule Kyoto mwanzoni mwa majira ya majani kupukutika wapishi hutia katika chungu kimoja mkunga wa baharini aitwaye hamo, ambaye wakati wake unakwisha, na uyoga wa misonobari aitwaye matsutake, ambao wakati wake unaanza. Anayekwenda na anayekuja hukutana hapo kama wasafiri wawili katika nyumba ya wageni.

Mfano huo una haki yake, kwa sababu hata chakula cha nyumbani cha Kyoto kilikuwa chakula cha safari. Mji huo ulikuwa makao ya mfalme kwa zaidi ya miaka elfu moja, lakini hauko pwani. Hamo alipendwa huko kwa kuwa ni samaki mwenye roho ngumu, awezaye kufika hai baada ya mwendo mrefu katika joto. Vibua walivuliwa katika ghuba ya Wakasa, wakatiwa chumvi, wakachukuliwa mabegani mwendo wa kilometa 70 hivi kuvuka milima, na chumvi ikawa imewakolea barabara siku walipofika. Mwani wa kombu, ulio msingi wa supu, ulitoka kisiwa cha kaskazini kiitwacho leo Hokkaido, ukazunguka kwa jahazi bahari ya magharibi mpaka Osaka. Kwa hiyo bakuli la supu ambalo mtu wa Kyoto aliliona kuwa ndilo kwao hasa lilikuwa limesafiri kuliko yeye mwenyewe.

Wakati mkubwa wa safari ulianza pamoja na utawala wa ukoo wa Tokugawa. Mwaka 1601 Tokugawa Ieyasu alipanga vituo katika njia ya Tokaido, ambayo baadaye ilikuwa na vituo 53 kati ya Edo, ndiyo Tokyo ya leo, na Kyoto, umbali wa karibu kilometa 490. Mtu wa miguu aliumaliza kwa siku kumi na mbili hadi kumi na tano. Mwaka 1635 shogun wa tatu, Iemitsu, aliwaamuru mabwana wa majimbo wakae Edo mwaka mmoja na kwao mwaka mmoja, kwa zamu, na wake zao na watoto wabaki Edo daima kama rehani. Amri hiyo ilikusudiwa kuwazuia wasiasi, na gharama yake iliwapunguzia nguvu. Bwana wa Kaga, aliyekuwa tajiri kuliko wenziwe, alisafiri na watu kati ya elfu mbili na elfu nne. Engelbert Kaempfer, tabibu Mjerumani aliyekwenda Edo pamoja na Waholanzi mwaka 1691 na 1692, aliandika kwamba siku nyingine njia hiyo ilikuwa na watu wengi kuliko barabara za miji mikubwa ya Ulaya.

Katika njia hiyo majibu mawili yaliyotajwa mwanzo yalipanga nyumba jirani. Mabwana walilala katika majumba yaliyoitwa honjin. Kwa kuogopa sumu na kwa kulinda cheo, wengi walichukua wapishi wao, vyungu vyao, matandiko yao, na hata pipa la kuogea. Walivuka nusu ya nchi huku wakila chakula kilekile cha kwao, kilichopikwa na mkono uleule. Watu wa kawaida walilala katika hatago, nyumba za wageni zilizotoa chakula cha jioni na cha asubuhi. Neno hatago hapo kale lilikuwa jina la kikapu cha majani ya farasi, kisha likawa kikapu cha masurufu ya msafiri, mwisho likawa nyumba imwondoleayo msafiri haja ya kubeba kikapu. Chini ya hizo zilikuwako nyumba za maskini ambako mgeni alilipa bei ya kuni tu, akapika mwenyewe mchele wake.

Mgeni wa hatago alioshwa miguu mlangoni, akaoga maji ya moto, kisha akaletewa kijimeza chake peke yake chenye wali, supu, samaki au mboga, na kachumbari ya chumvi. Kilichomfurahisha si wingi. Ni kwamba kila kituo kilikuwa na kitu chake ambacho kituo kingine hakikuwa nacho. Kuwana, baada ya kuvuka maji, palikuwa na chaza wa kuchoma. Mariko palikuwa na tororo, supu ya viazi vikuu vya mwituni vilivyokwaruzwa, iliyomiminwa juu ya wali wa shayiri. Viazi hivyo huchimbwa baridi inapoingia, na huhesabiwa kuwa dawa ya uchovu. Mshairi Basho, aliyeaga dunia mwaka 1694 akiwa safarini, aliitaja supu hiyo katika shairi la kumwaga rafiki. Mchoraji Hiroshige, katika picha zake za Tokaido zilizotolewa miaka ya 1833 na 1834, alichora kibanda cha makuti cha Mariko: wasafiri wawili wanakula, mwanamke mwenye mtoto mgongoni anawahudumia, na nje mti wa ume umechanua. Mtazamaji anazijua papo hapo mbili, mahali na majira, bila kuambiwa.

Wala si kila aliyepita Mariko alishiba. Katika hadithi ya kuchekesha ya Jippensha Ikku, iliyoanza kutolewa mwaka 1802, mahodari wawili wa porojo wanafika pale na kuagiza tororo. Mwenye duka na mkewe wanagombana, supu inamwagika, kila mtu anateleza na kuanguka, na wasafiri wanaondoka na njaa yao. Wasomaji wa Edo walicheka kwa sababu wengi wao walikuwa wameipita njia hiyo au walitumaini kuipita. Wanavijiji walichanga fedha kwa mtindo ulio kama upatu, wakapiga kura, na aliyepata kura alikwenda kuhiji katika hekalu la Ise kwa niaba ya wenzake. Aliporudi alikuwa na habari za kusimulia, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za chakula. Hivi ndivyo mkulima wa milimani alivyojua ladha ya chaza wa Kuwana, na akajifunza kuwa kiazi cha kwao nacho chaweza kuwa cha kusifiwa.

Ikiwa ndivyo, methali ya wahenga yapata maana mpya. Bwana aliyebeba kwake mabegani mwa watu elfu mbili hakufika popote. Aliyelala katika hatago kwa fedha kidogo ndiye aliyeiona nchi. Sultani alikuwa maskini kwa sababu hakukubali kuwa mgeni.

Hata hivyo mwandishi wa historia hawezi kuisifu raha ya njia hiyo bila kuuliza ilibebwa na nani. Vituo vilihitaji farasi na wapagazi, na vijiji vya jirani vililazimishwa kuvitoa, mara nyingi wakati wa kupanda au kuvuna. Mwisho wa mwaka 1764 wakulima wengi sana wa upande wa kaskazini wa Edo waliondoka vijijini kupinga nyongeza ya mzigo huo, nao utawala ukairudisha nyuma amri yake. Wakulima haohao, waliokuwa wakilima mpunga, mara nyingi walikula shayiri na mtama, kwa kuwa mpunga ndio uliokuwa kodi. Katika nyumba za wageni walikuwamo pia wasichana waliouzwa na wazazi wenye madeni, ambao kwa jina walikuwa waandazi wa wali na kwa kweli walifanywa makahaba. Mwaka 1718 serikali iliamuru wasizidi wawili katika kila nyumba, na kwa amri hiyo ikakiri kuwa jambo lenyewe lilikuwako. Majira yalikuwa ya watu wote, lakini nafasi ya kuyaonja haikuwa sawa.

Mjini Edo adabu ya majira iligeuka kuwa mashindano. Iliaminiwa kwamba alaye kitu cha kwanza cha majira huongezewa siku 75 za maisha. Basi watu walikimbilia vitangulizi, na wakulima wa kando ya mji wakagundua namna ya kuviharakisha kwa joto la takataka zinazooza na vibanda vya karatasi iliyopakwa mafuta. Mwaka 1686 serikali ilitangaza miezi ambayo kabla yake vitu fulani havikuruhusiwa kuuzwa: biringanya, kwa mfano, zingoje mwezi wa tano. Amri za namna hiyo zilirudiwa mara kwa mara, na amri irudiwayo ni ushahidi kwamba haikutiiwa. Aliyetamaniwa kupita vyote alikuwa katsuo, samaki wa jamii ya jodari afikaye na mkondo wa joto mwanzo wa kiangazi. Habari za wakati ule zasema kwamba mwaka 1812 mwigizaji Nakamura Utaemon alimnunua mmoja kwa ryo tatu za dhahabu, akawagawia waigizaji wadogo wa jumba lake. Fedha hiyo ingemtosha mtumishi wa nyumbani kwa mshahara wa mwaka mzima au zaidi. Kilichoanza kwa watawa kama utii kwa siku kikawa kwa matajiri hamu ya kuitangulia siku.

Pigo kubwa, lakini, halikutoka kwa wenye uroho. Lilitoka katika ofisi ya serikali. Wajapani walikuwa na kalenda ya mwezi iliyorekebishwa kwa vipindi 24 vya jua, vilivyotoka China. Shibukawa Shunkai aliitengeneza upya, na kalenda yake ikaanza kutumika mwaka 1685. Sikukuu tano za mwaka zilifungamana na mimea: uji wa majani saba siku ya saba ya mwezi wa kwanza, maua ya mpichi siku ya tatu ya mwezi wa tatu, na maua ya kiku siku ya tisa ya mwezi wa tisa. Ile siku ya tano ya mwezi wa tano, iliyomtembeza mpishi mzee wa Ayuwang, ilikuwa mojawapo. Mwisho wa mwaka 1872 serikali mpya ya Meiji, kwa tangazo lililotolewa chini ya mwezi mmoja kabla, iliamuru kwamba siku ya tatu ya mwezi wa kumi na mbili iwe tarehe 1 Januari 1873 kwa hesabu ya Ulaya. Okuma Shigenobu, mmoja wa viongozi wa wakati ule, baadaye alieleza sababu mojawapo: kwa kalenda ya zamani mwaka uliofuata ungekuwa na miezi 13, na hazina haikuwa na fedha ya mishahara ya mwezi wa ziada.

Mwaka huohuo sikukuu tano ziliondolewa katika siku za serikali. Watu hawakuziacha, ila walizihamishia tarehe zilezile katika kalenda mpya, nazo zikatangulia mimea yake kwa mwezi mmoja hivi. Tangu hapo sikukuu ya mpichi huja kabla mpichi haujachanua, na majani saba hutafutwa katikati ya baridi, wakati mashamba ya mikoa mingi yamelala. Mpishi akalazimika kuchagua kati ya tarehe na jani. 

Mwaka 1872 ndio pia uliofungua reli ya kwanza, kati ya Tokyo na Yokohama, na mwaka 1889 garimoshi lilifika Kobe kutoka Tokyo. Vituo vya Tokaido vilivyorukwa na reli vilififia. Hata hivyo desturi ya njia ilipanda garini. Yasimuliwa kwamba mwaka 1885 katika stesheni ya Utsunomiya kiliuzwa chakula cha kwanza cha abiria: matonge mawili ya wali yenye tunda la ume la chumvi, yamefungwa katika ganda la mwanzi. Baadaye kila stesheni ilitaka kuwa na kitu chake. Toyama, tangu mwaka 1912, iliwauzia abiria samaki wa mtoni aliyegandamizwa juu ya wali na kufunikwa majani ya mianzi. Abiria asiyeshuka aliweza walau kuila nchi aliyoipita. Tarehe 1 Oktoba 1964 treni mpya ya mwendo wa kasi ilianza kwenda Osaka kwa saa nne, na safari ya siku kumi na tano ikawa fupi kuliko kungoja mchana uishe.

Wepesi huo ulileta hatari yake. Nyumba nyingi za wageni za milimani, zilipojaa watalii katika miaka ya utajiri, zilianza kuwawekea jodari mbichi aliyetoka mbali, kwa kudhani kwamba mgeni hatahesabu amekirimiwa asipoona samaki wa bahari. Wenye kulaumu walisema kuwa hilo ni kosa la mabwana wa zamani lililorudi kwa sura nyingine: mgeni anapewa kitu kilekile kila alalapo, na mlima aliokuja kuuona haumo sahanini. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliandika chakula cha asili cha Wajapani katika orodha ya urithi wa wanadamu, likitaja hasa sherehe za mwaka mpya. Maandishi hayo yalipokewa kwa furaha, lakini mara nyingi desturi huandikishwa pale watu waanzapo kuogopa kwamba itapotea.

Lakini mwaka mpya wenyewe unaonyesha mahali ambapo desturi ingali na nguvu. Siku hizo mamilioni ya Wajapani hurudi kwa wazazi wao, na asubuhi ya kwanza hunywa zoni, supu yenye mkate wa mchele uliotwangwa. Upande wa Tokyo mkate huo ni wa pembe nne, umechomwa, na supu yake ni nyepesi. Upande wa Kyoto ni wa duara, na supu ni nzito kwa miso nyeupe. Kila jimbo, na karibu kila nyumba, ina yake. Mume wa mashariki akimwoa mke wa magharibi, huenda bakuli likawa la kwanza kuwagombanisha na la kwanza kuwapatanisha.

Faraja ya nyumbani na faraja ya safari, kwa hiyo, hazipingani katika historia hii. Anayejua supu ya kwao ni ya mahali gani na ya siku gani ndiye awezaye kuionja supu ya wengine bila kuilinganisha kwa dharau. Na aliyekirimiwa vyema njiani hurudi akaiona supu ya kwao kwa macho ya mgeni. Yule mpishi mzee, aliyekataa kulala melini kwa sababu watawa wake wangekula kesho, aliyajua yote mawili. Alitembea siku nzima kutafuta uyoga wa nchi ya mbali, kisha akageuka, usiku ukiwa mbele yake, akaupeleka nyumbani kwa wakati.